Mwaka Nilipomsugua Chura wa Shaba

Binti wa Daktari alinipigia simu mwezi wa kumi uliopita, nikiwa kwenye foleni dukani na pakiti mbili za sombe, yaani kisamvu, ya barafu mkononi. Alisema baba yake ameaga asubuhi ile, kitandani mwake, akiwa na miaka tisini na mmoja, na kwamba jina langu alilikuta la nne katika karatasi ya watu wa kupigiwa simu. Siku ya maziko tulikuwa kama watu arobaini katika kanisa la Kilutheri kule Saint Paul, kisha tukashuka ukumbi wa chini kula viazi vya kuoka na jibini, na kila aliyeketi karibu nami aliniuliza kwa adabu nilimfahamu vipi marehemu. Niliwajibu kwamba nilikuwa nikimsafishia nyumba. Waliitikia kwa kichwa, wakanipitishia mkate. Jibu langu lilikuwa la kweli, lakini nilirudi nyumbani nikiona kwamba nimempunja marehemu, na mwenyewe nimejipunja. Tangu siku ile nimekuwa nikiukumbuka mwaka mmoja, wa pili tangu tufike Minnesota, na hasa chumba kimoja cha nyumba yake ambacho dirisha lake lilitazama kusini.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na tulikuwa watatu katika nyumba ya kupanga huko Crystal: mimi, mdogo wangu Neema wa miaka kumi na minne, na Amani wa miaka tisa. Wazazi wetu tuliwaacha katika udongo wa kambi ya wakimbizi. Habari zao ni ndefu na si za hapa. Shangazi aliyetuleta Marekani alifariki msimu wetu wa kwanza wa baridi, na hapo ndipo nilipojua kwamba kwa sheria za nchi hii mimi ni dada tu. Nilimbeba Amani mgongoni kabla hajaota meno, nikaacha shule darasa la sita ili Neema asiache yeye, lakini kwenye karatasi hapakuwa na mlezi. Afisa wa ustawi wa jamii, mama mpole mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, alikaa kwenye kochi letu akanieleza kwamba zimepatikana familia mbili: moja Burnsville, iliyokuwa tayari kumchukua Neema, na nyingine mwendo wa saa tatu kaskazini, iliyomtaka Amani. "Ni watu wema," alisema, na hilo ndilo lililonitisha, maana mtu mbaya unaweza kumkatalia. Hakimu alinipa hadi mwezi wa tano. Alitaka kuona mambo mawili: kazi ya saa zisizobadilika, na mtu mzima anayenijua vizuri, asiye ndugu wala mshirika wa kanisa letu, aje asimame mbele yake aseme kama watoto wanaweza kukabidhiwa kwangu. Kazi niliyokuwa nayo, ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya Bloomington, ilikuwa ya zamu zinazogeuka kila wiki. Na mtu mzima wa namna hiyo, katika Marekani nzima, sikuwa naye.

Mchungaji wetu ndiye aliyenielekeza kwa Daktari. Alikuwa daktari wa mifugo, mjane, aliyefanya kazi Tanzania miaka kumi na minne ujanani mwake akiwadunga sindano ng'ombe na mbuzi wa watu, na sasa alitafuta mtu wa kumsafishia nyumba siku nne kwa juma, saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Nilipanda mabasi mawili kwenda kwake, nikikariri salamu za Kiingereza njia nzima. Alipofungua mlango akasema, "Karibu ndani, binti. Vua viatu, theluji isituingilie." Kiingereza chote kilinitoka. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanzania ya zamani, kimenyooka kama shuka ya hospitali, na changu cha Kivu, Kongo, kilimfurahisha tangu neno la kwanza.

"Aksanti sana, Daktari. Niko na furaha ya kupata kazi."

"Niko na furaha!" Alicheka hadi akashika ukuta. "Miaka arobaini sijasikia mtu akisema hivyo. Wachuuzi wa kutoka Uvira walikuwa wakisema hivyo hivyo sokoni Kigoma, kisha wanakupunja dagaa. Pita, pita."

Chumba cha kusini ndicho kilichokuwa na wanyama. Walikuwa kumi na mmoja, wote wa shaba nyeusi, wote wametengenezwa Italia au Ujerumani miaka mia nne au mia tano iliyopita: farasi aliyeinua mguu mmoja, fahali mwenye shingo nene, simba aliyemrukia farasi mgongoni, mbuzi, kaa, nyoka aliyejikunja. Mkubwa wao ungeweza kumkwapua ukaondoka naye. Mdogo alikaa kwenye kiganja. Daktari aliwakusanya kwa miaka arobaini na tano, na kila mmoja alikuwa na kitu alichochukua nafasi yake: nyumba ndogo ya ziwani, mashua, gari ambalo hakulinunua. Kwetu kitu cha thamani hufichwa chini ya nguo. Hawa walikaa kwenye rafu zilizo wazi, kimo cha mkono, na kila asubuhi alimchukua mmoja, akaketi naye dirishani, akafumba macho na kumpapasa taratibu, mbavu, nyonga, magoti, kama anayemtafuta ndama ugonjwa. "Aliyetengeneza huyu," aliniambia siku moja akinipa farasi nimshike, "alimtazama farasi. Aliyetengeneza yule wa pale alitazama sanamu ya farasi." Aliuongoza mkono wangu nyuma ya goti, penye mshipa. Nilihisi tofauti mara moja, kwa sababu kambini nilichunga mbuzi wa jirani, na mguu wa mnyama naujua. Hakunisifu. Alinipa wa pili nimlinganishe, akaenda kuchemsha chai.

Chai yake aliichemsha pamoja na maziwa na tangawizi, kama alivyofundishwa huko, na saa sita tulikula pamoja mezani jikoni, jambo ambalo mwanzoni lilinifanya nishindwe kumeza. Supu yake ya njegere ilikuwa nzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Siku nyingine alijitia kupika ugali, ukatoka uji, na nilipomwonyesha namna ya kuusonga alinikabidhi mwiko na kusema sasa amestaafu kweli. Nilipokuwa nikifagia ukumbini nilimsikia akibishana kwa simu na muuzaji wa sanamu wa New York, na Kiingereza changu, kilichokuwa kikikua mwezi hadi mwezi, kilitosha kuelewa: "Hapana. Fahali huyo ana nyonga za mbwa. Hapana, bwana, sikiliza. Mimi nimeingiza mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe elfu. Wewe umeingiza ndani ya wangapi?" Nilicheka peke yangu na ufagio wangu. Sikuwa nimecheka hivyo tangu shangazi azikwe.

Lakini aliyempenda kuliko wote alikuwa chura. Alitoka Padua, mji wa Italia, na hakuchongwa. Fundi alimchukua chura wa kweli, akamfunika kwa udongo laini, akauchoma udongo mpaka chura akawa majivu mle ndani, kisha akamimina shaba katika nafasi aliyoiacha. Kila kipele cha mgongoni kilikuwa kipele cha kweli. Mdomo ulikuwa wazi, maana zamani wenye kuandika walitilia wino humo. "Mke wangu ndiye aliyemwona dukani," Daktari alisema. "Mimi nilikuwa nikishangaa farasi." Nilipomsimulia jirani yetu Mama Sifa, mwanamke wa Fizi aliyekuja mwaka mmoja kabla yetu na kujifanya mama yetu bila kuombwa, aliweka mikono kichwani. "Muzee anafuga chura ya shaba? Ng'ombe, sawa. Farasi, sawa. Lakini chura, Riziki? Weye usali kwanza mbele ya kuingia mule."

Siku yangu ya kwanza kabisa Daktari alinipa brashi ya nywele laini. "Hawa hawaoshwi, binti. Brashi kavu tu, inatosha." Nilijibu, "Ndiyo, Daktari." Hapa inabidi nieleze jambo ambalo yeye hakulijua na mimi sikujua kwamba halijui. Kwetu mtu mzima akimwambia msichana, "Acha, mwanangu, vyombo hivyo viache," msichana aliyelelewa haviachi. Maneno yale ni ya huruma, si ya amri. Ukiyafuata, watu watauliza mama yako alikufundisha nini. Na mimi mama sikuwa naye wa kunitetea. Kule kambini sufuria huanikwa juu ya kichanja mbele ya nyumba, chini juu, na kila anayepita anasoma humo habari za wenye nyumba. Zetu nilizisugua kwa majivu na ndimu hadi Neema akawa anajitazama humo akisuka nywele, ili asipatikane mtu wa kusema kwamba nyumba ya yatima inajulikana kwa masizi. Kwa hiyo Daktari aliposema brashi inatosha, nilisikia mzee mwema anayenionea huruma. Miezi mitano nilimwacha anionee, na kila siku niliona aibu kidogo.

Mwezi wa nne, majuma mawili kabla ya siku ya hakimu, ambayo Daktari alikuwa amekubali kuja kunishuhudia, alisafiri siku mbili kwenda kwa binti yake. Alhamisi wangekuja wageni watatu kutoka jumba la makumbusho kumtazama chura, huenda wakamwazima kwa maonyesho. "Nyumba iwe tayari," aliniambia akivaa koti. Nilifua mapazia. Nilipangusa madirisha kwa magazeti. Kisha nikasimama mbele ya chura na kumwona kama wageni watakavyomwona: mweusi, mwenye utando, na giza limejaa katikati ya vipele. Majivu yalikuwepo kwenye meko ya sebuleni. Ndimu zilikuwepo jikoni. Nilitafuta kitambaa kigumu, nikaketi sakafuni, nikamsugua kwa muda wa saa mbili, kipele kimoja kimoja, huku nikiimba. Alitoka aking'aa kama kitu kilichozaliwa siku ile. Nilimpiga picha kwa simu.

Jioni tulikuwa tunakula bugali na ndagala, dagaa wa kwetu, nikamwonyesha Neema. Yeye, kwa sababu ya hadithi zangu, alikuwa ameshaazima katika maktaba ya shule vitabu viwili juu ya sanamu za namna ile. Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Dada. What did you do?"

"Nimemusafisha. Kuna wageni."

"Dada, ile nyeusi haikuwa uchafu." Alizungumza polepole, kama anayemweleza mtoto. "Fundi aliipaka mwenyewe. Na mikono ya watu, miaka yote ile, ndiyo iliifanya ikawa vile. Watu wanaangalia ile kwanza, mbele ya kuangalia chura. Ikitoka, hairudi."

Amani aliacha kutafuna. "Are we in trouble?"

Mama Sifa, aliyekuja kuomba chumvi, alikuta tumekaa hivyo, akaelezwa, akaketi bila kukaribishwa.

"Siraje," alisema mara moja. "Siraje ya viatu, ile nyeusi. Unapakaa mara mbili, unapangusa na soksi. Mume wangu alioa na viatu vya babake, nani alijua?"

"Mzee anamushikaka kila siku," Neema alisema. "Siraje itamubakia kwa vidole."

"Basi makaa na mawese."

"Mama Sifa! Atanuka mboga."

Tulicheka, hata mimi, kicheko kibaya kisicho na pumzi. Kisha Mama Sifa aliusogeza mkono wake juu ya wangu na sauti yake ikabadilika. "Riziki, sikia mama yako. Tribunali ni wiki mbili. Muzee huyu peke yake ndiye atasimama kwa ajili yenu. Unataka kumukasirisha sasa? Funga kinywa. Muweke nyuma ya simba. Watoto wakishapatikana, utasema. Mungu anajuaka kungojea."

Sikusema hapana. Ningependa kuandika kwamba sikuyumba, lakini nilipanda basi asubuhi iliyofuata nikiwa na kopo la siraje mfukoni. Kilichonigeuza si ushujaa. Kwenye basi la pili nilijaribu kuiona siku ya mahakama, na nilichokiona ni hakimu akimwuliza Daktari kama naaminika, na Daktari akijibu ndiyo, kwa sababu hajui. Ningewapata ndugu zangu kwa neno hilo. Kila mara ambapo ningemwambia Amani asidanganye, ningekuwa nimesimama juu ya uongo. Kopo nililiacha kwenye kiti cha basi.

Daktari alirudi saa nne. Nilimngoja mlangoni, na kabla hajavua koti nikamwambia, "Daktari, nimemuharibu chura."

Alipita na viatu vyake vyenye matope, yeye ambaye hakuwahi, hadi chumba cha kusini. Alimchukua, akaketi dirishani, akafumba macho, akapitisha kidole gumba mgongoni kama desturi yake. Alipofumbua alisema, "Nilikwambia brashi."

"Ndiyo, Daktari."

"Sasa kwa nini?"

Nilimweleza habari za vyombo na za sufuria juu ya kichanja. Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo nilipokukataza, wewe ulisikia nakuhurumia."

"Ndiyo."

"Mke wangu ndiye aliyemwona," alisema, lakini alikuwa akisema na chura. Kisha: "Nenda nyumbani, binti. Leo siwezi kuwa na mtu humu ndani." Hakuniambia nirudi kesho, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Siku kumi na mbili zilipita bila simu. Baadaye nilijua kwamba aliwaandikia wageni wasije. Afisa wa ustawi aliponiuliza shahidi wangu ni nani, nilimtajia jina la Daktari, kwa kuwa sikuwa na lingine na hakuna aliyenikataza. Mama Sifa alileta maandazi kila jioni, na hakusema hata mara moja kwamba aliniambia. Neema alipiga pasi shati moja la Amani mara tatu. Nilimsikia akimfundisha kwa Kiingereza namna ya kujitambulisha kwa watu wa familia mpya, ikiwa itafika huko, na nikabaki jikoni nikiwasha na kuzima bomba ili wasijue kwamba nimewasikia.

Siku ya mahakama Daktari alichelewa. Jina letu lilikuwa limeshaitwa alipoingia, amevaa suti nyeusi na kofia ya manyoya ya msimu uliokwisha, akaketi upande wa pili bila kunitazama. Alimsalimu Amani tu, "Hujambo, kijana," na Amani akamjibu, "Fine." Hakimu alimwuliza tangu lini ananijua na nafanya kazi gani. Kisha akamwuliza lile swali. Mkalimani alikuwa ameniinamia sikioni, lakini maneno ya Daktari niliyaelewa kabla hajayafasiri.

"Mheshimiwa, majuma mawili yaliyopita mwanamke huyu aliharibu kitu nilichokipenda kuliko vyote nyumbani mwangu. Hakitarudi kuwa kilivyokuwa. Aliniambia mlangoni, kabla sijavua koti, akijua siku hii inakuja na akijua kwamba mimi ndiye nitakayeulizwa. Angeweza kungoja. Mimi ningengoja."

"Kwa hiyo umemsamehe," hakimu alisema.

"Hapana, Mheshimiwa. Bado nina hasira naye. Mpe watoto wake."

Mkalimani akaanza kunifasiria hilo. Neema alikuwa ameshaanza kulia.

Sasa ni miaka mingi. Neema ni muuguzi, Amani anajifunza ufundi wa umeme na ananijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kula, na wote wawili walikuja nami kumzika Daktari. Nimewaza sana kwa nini maneno yale yalinituliza kuliko baraka zote nilizowahi kuombewa. Watu wengi wametusamehe katika maisha yetu, haraka, kabla hatujamaliza kueleza, kwa sababu yatima hatarajiwi kuweza lolote. Daktari alinikasirikia kama mtu anavyomkasirikia mtu wa nyumbani kwake, akabaki na hasira yake, na akaja. Sijui shukrani ya kitu kama hicho inapelekwa wapi. Nimeiandika hapa.

Siku ile, nje ya mahakama, hakutupa mkono. Aliweka kofia yake sawa, akasema, "Jumatatu, saa tatu," akaenda kutafuta gari lake ambalo hakukumbuka ameliegesha wapi.

Jumatatu nilimkuta jikoni. Chura alikuwa mezani juu ya kitambaa, mwangavu, wa aibu. Fundi mmoja wa sanamu, Daktari alisema, alikuwa amejitolea kumpaka ngozi mpya ambayo hakuna mtu angeitambua, naye alimkatalia. Hamvishi chura wa mke wake uongo. Alinivutia kiti. Nilipoketi alimchukua chura akamweka katika kiganja changu, akakikunja kidole changu gumba juu ya mgongo wake.

"Hivi. Kila asubuhi, dakika kumi, kabla hujagusa ufagio. Mikono ndiyo inayowafanya wawe weusi."

"Itachukua muda gani, Daktari?"

Alifikiri, kama aliyeulizwa juu ya mimba ya ng'ombe. "Kama miaka mia mbili," alisema, akaenda kuchemsha chai. "Anza."